Jino la mwisho linakusumbua? Jua kwanza ni maumivu gani kabla hujarudi duka la dawa

Koleo Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni tabibu wa meno, nipo mkoani. Kuna mgonjwa mmoja nadhani nimeshamwona mara mia, ila kila akija ana jina jingine. Ni kijana wa miaka kati ya 18 na 26, shavu limejaa upande mmoja, mdomo haufunguki vizuri, na mkononi ana bahasha za duka la dawa: amoksilini aliyoiachia katikati, Flagyl zilizobaki mara ile, na diklofenaki. Ukimuuliza limeanza lini, anasema "juzi". Ukimbana kidogo anakumbuka kwamba mwaka jana pia liliuma, na mwaka juzi. Linauma, linatulia, linarudi. Jino ni lilelile, la mwisho kabisa huko nyuma.

Naandika kwa urefu ili siku nyingine niwe nawatumia watu kiungo tu.

Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, la pili karibu na miaka 12. Hili la tatu husubiri mpaka miaka 17 hadi 25, na likifika linakuta wenzake 28 wameshakaa. Taya likiwa na nafasi linaota, na huenda usijue hata lilipotoka. Nafasi ikikosekana linakwama: lingine linatoka nusu, lingine linamlalia jirani yake, lingine linalala ubavu ndani ya mfupa na halionekani kabisa. Duniani kwa ujumla, takriban mtu 1 kati ya 4 ana angalau jino moja la mwisho lililokwama, na idadi inayokaribiana na hiyo wamekosa angalau moja kati ya hayo manne tangu kuumbwa. Kwa hiyo ukijihesabu ukapata meno 30, usihangaike kumtafuta mchawi.

Shida inaanzia pale watu wanaposema "jino la mwisho linauma" kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

Linaloleta wengi kwangu ni la ufizi, wala si la jino lenyewe. Jino la chini limetoka nusu, nusu nyingine imefunikwa na kipande cha nyama ya ufizi. Chini ya kile kipande kuna uwazi. Wali unaingia, nyuzi za nyama zinaingia, mswaki hauingii. Bakteria wanapata makazi. Ufizi unavimba, ukivimba unainuka, ukiinuka jino la juu linaugonga kila unapotafuna, na ukigongwa unavimba zaidi. Dalili zake: harufu mbaya, ladha ya usaha ukipabonyeza, kumeza kunauma, taya linakaza, maumivu yanapanda mpaka sikioni. Nimepokea watu waliotiwa matone ya sikio kwa wiki kadhaa, na sikio la watu halina kosa lolote.

Hii ya ufizi husikia KUSAFISHWA. Sisi tunaingiza bomba la sindano lisilo na ncha kali chini ya kile kipande na kuosha kwa maji ya chumvi au klorheksidini (dawa ya kuua wadudu wa kinywani) mpaka uchafu wote utoke. Kuna wanaoinuka kwenye kiti wakiwa na nafuu tayari, kabla hawajameza kidonge hata kimoja. Nyumbani huwezi kufika ndani hivyo, ila unaweza kusaidia: glasi ya maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukutua upande ule taratibu, rudia mara kadhaa kwa siku, hasa ukishakula. Na upige mswaki PALEPALE panapouma. Tumia mswaki laini wenye kichwa kidogo, hata wa mtoto. Karibu kila mtu huacha kusafisha pale kwa sababu ya maumivu, na ndiyo maana panazidi kuoza.

La pili halina kelele na ndilo linaloniuma roho. Jino limeegemea gego la pili, chakula kinanasa katikati, na baada ya miaka gego la pili, ambalo ndilo linalotafuna, linaoza kwa nyuma mahali ambapo huwezi kuona kwa kioo. Unakuja tunapiga picha, tunakuta tundu limeshafika ndani. Tunapoteza jino la kazi kwa sababu ya jino ambalo halikuwa na kazi.

Kuna pia jino la mwisho lililotoboka lenyewe. Hilo utalijua kwa maji baridi, chai ya moto na sukari. Na likikuamsha usiku kwa mapigo kama ya moyo, ujue uozo umefika kwenye mshipa wa ndani. Kusukutua hapo hakutoshi, jino linahitaji mkono wa mtu. Kuota kwa kawaida nako huuma, ila ni maumivu madogo ya siku chache, hayaleti homa wala hayafungi mdomo. Na magego ya juu yakikuuma kwa pamoja wakati una mafua mazito, halafu ukiinama maumivu yanaongezeka, huenda meno yanasingiziwa, tatizo ni sainasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso.

Sasa usiku wa manane, hospitali ya meno imefungwa, ufanyeje? Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine: ibuprofeni mg 400 baada ya kula, unaweza kurudia kila baada ya saa 8. Parasetamoli vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, usizidishe 8 kwa siku nzima. Hizi mbili zinaruhusiwa kwenda pamoja, na kwa maumivu ya jino zikiwa pamoja zinafanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake. Kisichoruhusiwa ni ibuprofeni pamoja na diklofenaki. Hao ni ndugu, unajiongezea madhara bila nafuu ya ziada. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizi, au mjamzito, aachane na hizo ndugu mbili abaki na parasetamoli. Vilevile ukiwa na homa kipindi cha dengi, kama ule mlipuko wa Dar wa 2019, usiguse ibuprofeni wala aspirini mpaka upimwe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, juu ya shavu kwa nje, dakika kumi hadi kumi na tano. Lala kichwa kikiwa juu kidogo.

Aspirini imetengenezwa imezwe. Ukiiweka juu ya ufizi inauunguza, utakuja kwangu na kidonda cheupe juu ya ugonjwa wa zamani. Wanaotia maji ya betri kwenye jino sitawajadili.

Dalili za kutosubiri asubuhi: uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, ulimi unainuka, mate huwezi kuyameza, sauti imebadilika, unapumua kwa shida, au una homa kali na mdomo haupitishi hata kidole. Hapo nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Hiyo hali daktari Mjerumani aitwaye Ludwig aliieleza tangu 1836 na mpaka leo inaua, kwa sababu inaziba njia ya hewa.

Maswali karibuni.

Kijana wa Mabibo

Mkuu Koleo, umenichora mimi kabisa. Ila nina hoja. Nikinywa amoksilini na Flagyl, siku ya pili nipo sawa, nakula mpaka mishikaki. Kama dawa inafanya kazi, kwa nini nikang'oe? Kung'oa ni hela na ni maumivu.

Koleo Baridi

Swali zuri. Dawa imepunguza bakteria waliokuwepo siku ile. Kile kipande cha nyama kipo, uwazi upo, jino la juu bado linagonga. Wali wa kesho utaingia palepale. Tena mara nyingine si dawa iliyokuponya: usaha ulipata njia ukatoka wenyewe, presha ikashuka, Flagyl ikapokea sifa.

Antibiotiki zina mahali pake: uvimbe unaosambaa, homa, taya lililokaza, au mtu mwenye kisukari au kinga iliyoshuka. Maumivu ya jino lililotoboka bila uvimbe hazigusi, hata unywe sanduku zima. Na kila dozi unayoinywa bila sababu unawafundisha wadudu kuizoea. Siku utakapoihitaji kweli, isikusikie.

Halafu Flagyl na pombe haviendi pamoja. Najua wikiendi zenu.

Bibiye Ufukweni

Nimecheka hapo kwenye wikiendi. Mimi nina la juu, limetoka limepinda kuelekea shavuni, linaning'ata kila siku. Mama anasema nisithubutu kulitoa, meno ya juu yameshikana na macho, kuna mtu kijijini alitolewa akawa kipofu. Naheshimu sana mama yangu ila pia nimechoka kung'atwa.

Koleo Baridi

Mpe mama shikamoo yangu. Mshipa wa fahamu unaohisi maumivu ya meno na ule unaobeba kuona ni mishipa miwili tofauti kabisa. Kung'oa gego la juu hakuondoi kuona. Huenda yule wa kijijini alikuwa na usaha uliopanda kuelekea jichoni kwa jino kukaa muda mrefu bila kutibiwa, watu wakalaumu koleo kwa sababu ndilo lililokuja mwisho.

Kama ni kuogopa, ogopeni panapostahili: meno ya CHINI. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu, na kwa watu wengine mizizi ya jino la mwisho inaukaribia au kuugusa. Ndiyo sababu tunaomba picha kabla ya kupasua. Mshipa ukiguswa unaweza kubaki na ganzi ya mdomo au kidevu, kwa wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki au miezi, kwa wachache sana inabaki. Mtu akitaka kukupasua jino lililolala chini bila kuangalia picha yoyote, muulize amejuaje mizizi imekaaje.

La kwako, kama linalouma shavu limetoka lote, mara nyingi ni kazi fupi. Shavu linalong'atwa kila siku lisiachwe hivyo.

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Naona mmezungumza madawa yote, karafuu imesahauliwa, na sisi tuliolelewa Pemba hatukujua panadol ya jino. Bibi alikuwa akiponda karafuu kavu, anaweka pamba, unauma pale, dakika chache umelala. Mpaka leo hapa Muscat chupa ya mafuta ya karafuu haikosekani nyumbani.

Koleo Baridi

Waalaykum salaam. Bibi alikuwa sahihi, na sisi watu wa meno tunamwibia tu. Ndani ya karafuu kuna yujenoli, inatia ganzi kidogo na kupunguza wadudu. Ile dawa ya kuziba jino kwa muda yenye harufu ya pilau ni yujenoli iliyochanganywa na oksaidi ya zinki.

Ila karafuu inasaidia zaidi jino lenye tundu: pamba ndogo yenye tone moja, ndani ya tundu. Kwa ufizi uliovimba haisafishi kitu, na mafuta yale makali ukiyapaka mara kwa mara yanaunguza nyama. Watoto wadogo wasipewe kabisa, wakiyameza ni sumu.

Mzee wa Leicester

Huku Uingereza ilikuwa kama desturi, kijana akifika chuo anatolewa yote manne hata kama hayaumi. Mwaka 2000 NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya huku, ikatoa mwongozo: jino la mwisho lisilo na ugonjwa, hata kama limekwama, lisitolewe. Sasa nashangaa nikisikia kliniki za nyumbani zinawaambia vijana watoe manne kwa mpigo kwa sababu "yatakuja kuwasumbua". Biashara hiyo.

Dada wa Kisauni

Mzee, na mimi nikupinge kidogo. Kungoja ugonjwa uje ni sawa ukiwa karibu na hospitali na una bima. Aishie ndani huko, akiugua mpaka afike mjini uso ushakuwa mwengine. Mimi naona bora litoke ungali kijana.

Koleo Baridi

Nyote wawili mna haki yenu. Mimi sing'oi jino lililotulia, limesimama wima na mswaki unalifikia. Lililozikwa ndani ya mfupa bila dalili naliacha pia, tunaliangalia kwa picha mara mojamoja. Lakini Dada wa Kisauni amegusa jambo: kwa kijana wa miaka 20 mfupa ni laini zaidi na kidonda kinapona haraka kuliko kwa mtu wa miaka 45. Kwa hiyo likishaleta uvimbe mara ya pili, au likianza kula gego la jirani, sioni sababu ya kusubiri mara ya tatu. Mwongozo wenyewe wa NICE unalihesabu hilo kuwa ni ugonjwa, hausemi livumiliwe.

Manne kwa mpigo, tena yasiyouma? Hapana. Hapo nipo na Mzee.

Dada wa Kisauni

Shukran. Na hili je: mdogo wangu alitolewa la chini, siku mbili za kwanza akawa sawa, ya tatu maumivu yakarudi kuliko ya jino lenyewe, mpaka sikioni, na harufu. Hospitali wamemwambia ni kidonda kikavu. Ni daktari aliharibu?

Koleo Baridi

Si lazima awe ameharibu. Jino likitoka, damu inaganda kwenye shimo na kufunika mfupa. Lile donge likitoka mapema, mfupa unabaki wazi, na mfupa ulio wazi unauma kuliko jino. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini ya mwisho, kwa wavuta sigara, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Arudi wamuoshe shimo na kumwekea dawa, nafuu inakuja haraka, kisha linajifunga lenyewe. Hahitaji kupasuliwa tena.

Wengine mnaokwenda kung'oa, shikeni hili. Ng'ata pamba kwa nguvu nusu saa bila kuitoa kuchungulia. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Maji ya chumvi yaanze baada ya saa 24. Uji, mtori na ndizi za kuponda viwe vya vuguvugu, si vya moto.

Fundi wa Usiku

Wakuu samahani kuingilia. Kaka yangu ana jino la chini tangu Jumapili, alikuwa anakunywa dawa za dukani. Leo uvimbe umehamia chini ya kidevu, pagumu kama ubao, anaongea kama ana kitu mdomoni na mate yanamtoka. Hataki kwenda, anasema asubuhi. Nimpe nini apate usingizi?

Koleo Baridi

USIMPE kitu cha usingizi. Mketishe, asilale chali. Tafuta bajaji, bodaboda, chochote, mpelekeni hospitali ya rufaa SASA, siyo zahanati wala duka la dawa. Mkifika mapokezi semeni "uvimbe wa jino umeshuka shingoni, anashindwa kumeza", wasiwapange foleni ya meno. Andika hapa mkifika.

Mama Wawili

Ee Mungu. Fundi tupe habari tafadhali.

Fundi wa Usiku

Tumefika, amepokelewa. Wamemwekea dripu, wanasema watampasua kutoa usaha usiku huuhuu. Daktari amesema ni vizuri hatukungoja asubuhi.

Koleo Baridi

Vizuri. Jino lenyewe watalitoa, msiwakatalie. Kaa naye.

Mama Wawili

Nashukuru Mungu. Na mimi swali langu sasa naona dogo. Nina ujauzito wa miezi mitano, ufizi wa nyuma unavimba na kuachia. Nimeambiwa mjamzito haguswi meno mpaka ajifungue.

Koleo Baridi

Si dogo. Mjamzito anatibiwa meno, na miezi hii ya katikati uliyomo ndiyo yenye nafasi nzuri. Kusafishwa chini ya ufizi hakuna shida, ganzi tunayotumia inakubalika, na jino likilazimu linatolewa. Kwa maumivu tumia parasetamoli tu. Ukifika sema una miezi mingapi kabla ya kukaa kwenye kiti, na uende na kadi ya kliniki. Kukaa na usaha mdomoni miezi minne ndiko kubaya kwako na kwa mtoto.

Kijana wa Mabibo

Nimerudi, habari ya kaka yake Fundi imenimaliza. Nimekwenda leo, nimepigwa picha, la chini kulia limeinamia mwenzake. Wamesema ni upasuaji mdogo, si kung'oa kwa kawaida, na bei ni tofauti. Nimepewa Ijumaa. Jumamosi yake ni harusi ya dada, mimi ndiye msimamizi wa vinywaji. Nitaweza?

Koleo Baridi

Hapana. Ukikatwa ufizi na kupunguzwa mfupa, uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na mdomo utafunguka nusu. Utasimama kwenye picha za familia na shavu moja. Kama sasa hivi halina uvimbe wala homa, omba Jumatatu baada ya harusi, sukutua chumvi mpaka siku hiyo, na uulize bima yako kama inagharimia upasuaji au kung'oa tu, maana ni vitu viwili kwenye karatasi zao.

Kijana wa Mabibo

Wamekubali Jumatatu. Bima imegoma picha, imekubali upasuaji. Pilau nitakula upande wa kushoto.